Chenji ya Neno Moja

Baba alikuwa na msemo wa kufunga mabishano:
"Redio imesema."
Ukishausikia, unakunja mkeka wako unakwenda zako.
Bei ya pamba imeshuka, redio imesema;
na yeye, karani wa mizani kiwandani,
aliwashushia wakulima bei bila kuwatazama machoni,
maana si yeye, ni redio.

Saa yake ya mkono aliirekebisha kwa ile milio sita
kabla ya habari za saa saba. Mama akishusha chungu cha enyasa,
sisi watoto tukinyamazishwa kwa kidole,
Arua nzima, nilidhani, inameza mate pamoja.

Halafu ukaja mgomo wa soko, Jumanne,
na kaka yangu Drajea, aliyetoka kununua spoku za baiskeli,
akarudishwa amelazwa juu ya mlango,
mlango wa duka la mtu, bawaba bado zinaning'inia.

Habari za saa saba zilisema hali ni shwari.
Zilitaja daraja litakalofunguliwa Ijumaa,
na mgeni rasmi, na vyeo vyote vya mgeni rasmi.
Baba akaongeza sauti. Alidhani hakusikia vizuri.
Akabadili betri.

Kesho yake tukaenda kulipia tangazo la kifo.
Dirishani alikaa Poni, niliyesoma naye;
alinipa pole kwa mikono miwili.
Shilingi mia tano kila neno.
Baba akaandika kwa mwandiko wake wa daftari za mizani:
*aliyefariki kwa risasi sokoni.*
Poni akaingia nayo ndani. Akakawia.
Iliporudi, wino mwekundu ulikuwa umepita:
*aliyefariki ghafla sokoni.*
"Mawili yametoka, moja limeingia,"
akasema bila kuinua uso,
akasukuma sarafu moja chini ya kioo.
"Chenji yenu, mzee."

Nilitaka kuirusha. Baba akaichukua.
Alikuwa karani: hesabu ilikuwa sahihi.

Jioni likasomwa. Msomaji, sauti ile ile ya miaka yote,
alifika kwenye *aliyefariki*, akasita,
pumzi moja, labda kikohozi,
kisha *ghafla*.
Miaka sita sasa tunaibishania pumzi ile.
Mama anasema alikuwa anatuomba radhi.
Mimi nasema alikuwa anageuza karatasi.

Jirani yetu Marajan, mwenye kofia ya chama,
husema redio za wale wengine nazo zina mabwana zao.
Hasemi uongo. Ile ya kilimani ilitangaza wafu arobaini;
tulizika wanne.
Basi Baba husikiliza zote tatu,
kama anayenunua muhogo kwa wachuuzi watatu
akijua kila debe limebonyea chini;
anajumlisha, anagawanya,
halafu anakaa na njaa yake.

Na ule msemo? Wameuokota vijana wa bodaboda pale kona.
Mtu akiapa kwamba deni ameshalilipa,
"Redio imesema!" wanaangua kicheko.
Baba hupita hapo kila siku kwenda msalani kwa Mungu wake, Ediofe.
Hacheki. Hakemei.

Sarafu aliitia ndani ya redio, penye betri,
nyuma ya springi iliyolegea.
Anasema inasaidia kupitisha umeme.
Ukiibeba redio, inalia kidogo.

Jana nilikuwa naye. Saa saba, milio ikaanza.
Alikwisha kuivua saa yake, kidole kwenye kile kifundo kidogo.
Akangoja mpaka wa sita.
Kisha akatoka uani, juani,
kutazama kivuli chake.